Pikapu ya Kazi Kanda ya Ziwa: Anza na Uzito, Urembo Baadaye

Ukitaka kujua pikapu inabeba kiasi gani, usimuulize dalali, wala usipime bodi kwa macho. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo, kisha fungua boneti. Mahali pamojawapo utakuta kibati au karatasi ya kiwandani yenye namba ya chasisi. Kwenye magari yaliyotoka Uingereza kibati hicho huwa na mistari minne ya kilo: wa kwanza ni uzito wote unaoruhusiwa gari likiwa na watu na mzigo, wa pili ni gari pamoja na trela, wa tatu ni ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ya mbele, wa nne ekseli ya nyuma. Kwenye ule wa kwanza toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho unachonunua.

Hesabu hii naifanya na kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza kazi ya usafirishaji, na wengi hununa. Chukua dabo kebin, ile ya milango minne, yenye uzito wote wa kilo 3,000, na ikiwa tupu ina 2,100. Imebaki 900. Watu watano wa kilo 75 wanakula 375. Bampa la chuma, kanopi na tairi la pili la akiba, weka 150. Umebaki na kilo 375, yaani mifuko saba na nusu ya saruji. Halafu mtu huyohuyo anataka kupakia simtanki la lita 1,000 likiwa limejaa, alipeleke shambani Misungwi. Maji peke yake ni tani moja, hapo tanki lenyewe hatujaligusa.

Najua utaniambia watu wanapakia tani mbili na gari linakwenda. Linakwenda, ndiyo. Simama jioni pale njia panda ya Usagara utaziona, pua juu, taa zinamulika matawi ya miti. Zinazolipia ni breki, beringi za nyuma na chasisi, na dabo kebin ndiyo inayolipia zaidi. Bodi yake ni fupi, kama mita moja na nusu, na mzigo mzito ukisukumwa hadi mwisho unaning'inia nyuma ya ekseli. Chasisi hupinda au kupasuka pale kati ya kebini na bodi. Singo kebin, yenye safu moja tu ya viti, ina bodi ya mita mbili na ushee, na sehemu kubwa ya mzigo inakaa mbele ya ekseli. Kwa hiyo ukibeba sangara na barafu, magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, au pembejeo za wakulima wa pamba Kwimba, chukua singo. Ukibeba mafundi na zana zao, chukua dabo. Anayetaka gari moja lifanye kazi zote mbili kila siku, kwa maoni yangu anatafuta gari la tani tatu ila hajajiambia ukweli.

Sasa tuje kwenye ful opsheni, yaani toleo lililojazwa vifaa vyote, maana hapo ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapotea. Jina moja la gari huwa na matoleo kadhaa, na kwa pikapu toleo ghali mara nyingi hubeba pungufu kuliko la bei ya chini. Sababu ni rahisi: uzito wote unaoruhusiwa haupandi, ilhali gari tupu limeongezewa viti vya ngozi, mabomba ya kromu, ngazi za pembeni na vioo vya umeme. Ford Ranger huanza na XL, zinafuata XLS na XLT, juu yake Wildtrak, na Raptor kileleni. Hiyo Raptor ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Nyuma imeondolewa springi za bapa ikawekewa za koili, kwa ajili ya kukimbia kwenye mabonde na michanga, na uwezo wake wa kuvuta ukashuka hadi kilo 2,500 wakati ndugu zake wengi wanavuta 3,500. Inapendeza sana kuiendesha. Samaki usiipakie.

Hata yale madude ya Marekani yanafuata hesabu hiyohiyo. Ram 2500 ya dizeli ina kikomo cha uzito wote cha pauni 10,000, kama kilo 4,536, na injini ya Cummins ya lita 6.7 ni nzito, kwa hiyo ya dizeli hubaki na nafasi ndogo ya mzigo kuliko ya petroli. Usukani wake uko kushoto. Tuyaache hukohuko.

Kuna vitu vya toleo la juu ambavyo ningevilipia bila kubishana: breki za ABS zinazozuia magurudumu yasigande, mifuko ya hewa, mfumo unaozuia gari kuserereka, na difu loki ya nyuma, inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja kwenye tope. Kiyoyozi pia, maana vumbi la barabara za vijijini mwezi wa nane si la kufungulia vioo. Vingine viache. Ringi za inchi 18 zinakuja na tairi la ubavu mwembamba, na kwenye vilima vyetu vya mawe ubavu ndio unaochanika kwanza. Ringi ya chuma ya inchi 16 utaipatia tairi hata Sengerema. Sakafu ya zulia nayo ni adhabu. Maji ya samaki yakishapita chini ya kiti, hakuna sabuni itakayotoa ile harufu, wakati toleo la chini lenye sakafu ya raba unalimwagia ndoo ya maji mlango ukiwa wazi, kazi imekwisha.

Angalia pia gari lilitokea nchi gani, kwa sababu majina ya matoleo hayasafiri. Hilux ya Uingereza inaitwa Active, Icon au Invincible. Ya Afrika Kusini ni Raider au Legend. Ya Australia ni Workmate, SR au SR5. Usilinganishe bei za majina, linganisha vifaa kimoja kimoja. Na jambo moja litakalokuokoa na maneno ya madalali: Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017. Mtu akikuambia ana Hilux ya 2010 iliyotumiwa na babu mmoja mstaarabu kule Japani, gari hilo huenda lilipitia kwa wauzaji wa Japani, lakini barabara zilizolizeesha ni za nchi nyingine. Omba karatasi za huko.

Kwa upande wa gari lenyewe, Land Cruiser 79 ndiyo mfalme wa huku, na bei yake inajua hivyo. Ile ya injini ya 1HZ ina silinda sita, lita 4.2, haina tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Fundi wa Nyehunge ataifungua chini ya mwembe bila kompyuta. Tatizo lake ni nguvu: farasi kama 130 tu, na hizo zimepimwa karibu na usawa wa bahari. Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujapakia chochote. Injini ya tabo haiumii hivyo. Ndiyo maana dereva aliyezoea 1HZ huko Dar akija hapa hulalamika kwamba gari limechoka, kumbe zima.

Ya V8 ya lita 4.5, iliyoingia mwaka 2007, inavuta mlima kwa raha. Ila oltaneta yake, inayochaji betri, imefungwa chini sana kwenye injini. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, masika yakikolea, tope linaingia humo na baada ya muda chaji inakata. Ukiinunua, tafuta fundi aihamishie juu, au iwe inaoshwa pale kila ikitoka mbugani. Kitu kingine: tangu 2007 magurudumu ya mbele ya gari hili yamepanuka kuliko ya nyuma, kwa hiyo nyuma halikanyagi njia iliyokanyagwa na mbele. Kwenye lami hutajua. Kwenye mchanga wa ufukweni, ukishuka kufuata mzigo mwaloni, kila gurudumu linajichimbia mfereji wake. Punguza upepo kwenye tairi mapema, kabla halijazama.

Matoleo mapya ya 79 yanapatikana pia na injini ya lita 2.8, ya ukoo mmoja na ile ya Hilux. Wazee wanaicheka kwa udogo wake, lakini ina nguvu kuliko 1HZ kwa mbali, na inakunywa kistaarabu. Inachohitaji ni dizeli safi, kama injini zote za nozeli za umeme. Dizeli ya kwenye madumu, hasa ya visiwani, mara nyingi ina maji. Mwaga maji kwenye chujio la dizeli kila wiki, na usimuachie utingo kazi hiyo.

Hilux yenyewe sina mengi ya kukuambia, spea zake zipo kila kona na utaiuza siku yoyote. Kama una uwezo wa kuchagua, epuka iliyotoka Ulaya ikiwa na kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kwa kazi ya safari fupi za mjini. Kinaziba, kwa sababu kinahitaji safari ndefu yenye moto ili kijisafishe. Isuzu D-Max ya lita 3.0 inavumilia sana na haina majivuno, na zinaunganishwa Nairobi. Ranger ya 2.2 au 3.2 inavuta vizuri, lakini itafutie fundi anayeijua: wakati wa kubadili oili isiachwe muda mrefu ikiwa imemwagwa, kwa sababu pampu ya oili hupoteza mvuto, na injini ikiwashwa inazunguka kavu. Fundi anayemwaga oili kisha anakwenda kunywa chai atakugharimu injini.

Utakutana pia na magari yaliyouzwa kwa mnada na wakandarasi wa migodini upande wa Geita. Kilomita huwa chache, na hapo ndipo watu wanapotekwa. Gari la mgodini linakaa saa nyingi injini ikiwaka bila kutembea. Omba kitabu cha sevisi, uangalie saa ambazo injini imewaka na si kilomita. Kisha tazama kanyagio la klachi na la breki: raba ikiwa imelika hadi chuma na dashibodi inasema kilomita 60,000, umeshajibiwa.

Siku ya ukaguzi, lala chini ya gari ukiwa na tochi. Anza na springi za nyuma, hesabu mabapa kulia na kushoto yalingane. Lililoongezwa huwa na rangi tofauti na kutu changa, maana yake lilikuwa linazidishiwa mzigo. Halafu ile raba inayozuia ekseli isigonge chasisi: ikiwa imepondeka au haipo, gari limekuwa likigonga kila shimo. Pitisha kidole kwenye chasisi nyuma ya kebini ukitafuta uchomeleaji uliofunikwa kwa rangi mpya nyeusi. Mwisho, nyanyua mkeka wa bodi. Gari lililobeba kayabo, yaani samaki wa chumvi, lina chumvi iliyojificha kwenye maungio ya bati, na kutu yake inaanzia chini kwenda juu. Ukibonyeza kwa bisibisi bati linabonyea.

Jaribio la barabarani lifanye likiwa na mzigo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha, na pikapu zilizojaa zinakwenda Geita kwa mwendo mkali kuliko zamani, kwa hiyo breki na shokapu za nyuma zina kazi ambayo hazikuwa nayo. Pakia mifuko ya saruji, panda nalo mlima wa Bugando, shuka kwa gia ndogo, kisha funga breki mahali palipo wazi uone linavutia upande gani. Muuzaji akikataa lisipakiwe, usibishane naye. Akikubali na gari likipita, linganisha namba ya chasisi kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, na hamisho la umiliki lianze TRA, Mamlaka ya Mapato, siku hiyohiyo fedha inapotoka.