Dada, usiiandike hiyo barua ya kuacha kazi

Usiiandike. Kama ulishaianza, ichane leo.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama uandike barua ya kuacha kazi hapo kwenye kiwanda cha samaki, kwa kuwa una mimba ya miezi mitano na wakala aliyekupatia kazi kakuahidi kukurudisha ukishajifungua. La pili, kwa nini meza ya minofu ni wanawake watupu, wakati kwenye mashine na vyumba vya baridi, kwenye hela nzuri, wanawekwa wanaume. Naanza na barua, maana ndiyo itakayokuumiza. Mimi niliiandika, hapa hapa Mwanza, kwa maneno hayo hayo ya "ni utaratibu tu, andika". Sikurudishwa.

Elewa barua hiyo inafanya nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Inasema pia kwamba ukitoka likizo ya uzazi mwajiri akakukatalia kurudi, huko ni kukuachisha, na yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki. Sasa weka barua yako katikati, kwa mwandiko wako: "Naomba kuacha kazi kwa sababu za kifamilia." Hapo hakuna aliyekuachisha. Ukifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo umekuhamia wewe, uthibitishe kwamba ulilazimishwa, na maneno ya wakala yalisemwa getini bila shahidi.

Halafu kuna muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. Ukiandika barua sasa, siku hizo zinakwisha tumbo likiwa la miezi sita. Wewe uko nyumbani Igoma unasubiri simu, kumbe mlango ulishafungwa kabla hata hujajifungua. Kuomba kusikilizwa nje ya muda kunawezekana, ila unatakiwa ueleze sababu nzito ya kuchelewa, na "niliahidiwa" haina uzito.

Hesabu unachokiacha: siku 84 za likizo ya malipo, au 100 ukijifungua mapacha. Hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakatika, na mafao ya uzazi yanataka michango ya miezi 36, ambayo 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 ya mwisho kabla ya kujifungua. Yote hayo kwa karatasi moja ya daftari.

Wakala atakwambia wewe ni deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, na deiwaka hana likizo. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwa sababu anayelisema anajua si kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, akiwa amemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Siku tano za zamu ya saa tisa zinatosha. Na hiyo mikataba yako mitatu ya miezi mitatu mitatu tangu Januari, yenye "mapumziko" ya wiki mbili katikati, imewekwa makusudi ili usionekane umefikisha miezi sita. Lakini aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yule yule anajumlishiwa, na jumla ikipita miezi sita likizo ni haki yake. Wewe una tisa.

Kwa nini wanahangaika hivi? Sheria yetu imembebesha mwajiri mwenyewe mshahara wa hizo siku 84. Kiwanda chenye wanawake wengi kwenye minofu kinalipa bili ambayo kampuni ya wanaume watupu hailipi kamwe. Gharama hii ingebebwa na mfuko wa pamoja unaochangiwa na waajiri wote, wawe wameajiri wanaume au wanawake, mimba ya mfanyakazi isingekuwa hasara ya meneja mmoja. Ndivyo Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani unavyotaka: mwajiri asibebeshwe peke yake. Mpaka hapo patakapobadilika, njia rahisi kwao ni kuwageuza wanawake vibarua na kuwaandikisha barua. Ajira ya muda mfupi inawaangukia wanawake kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu mikono yao ni laini kwenye kisu.

Badala ya barua ya kuacha kazi, andika notisi ya likizo ya uzazi. Inatakiwa imfikie mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, ikiwa na cheti cha daktari. Una mwezi mmoja tu. Kadi ya kliniki peke yake wataikataa, kwa hiyo omba barua yenye hiyo tarehe, sahihi na mhuri. Toa nakala mbili, moja igongwe "imepokelewa" na kuandikwa tarehe, ubaki nayo. Wakigoma kuipokea, itume kwa rejista posta na utunze risiti. Peleka kwa wakala na kwa kiwanda, wote wawili, maana siku ya shauri kila mmoja atasema mwajiri ni mwenzake.

Anza leo kupiga picha kitambulisho, mikataba yote mitatu, ukurasa wa mahudhurio wenye jina lako na meseji za malipo kwenye simu. Nakala moja akae nayo mtu mwingine.

Zamu ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hawaruhusiwi kukupanga miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada ya hapo. Wakikupanga, kataa kwa maandishi.

Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, waulize wawakilishi wanawake ni kina nani. Penye wanachama zaidi ya 100, wawakilishi wasiopungua watano wanatakiwa kuwakilisha wanawake. Mwende na mmoja wao kupeleka notisi. Kiongozi wa tawi akikushauri "andika tu barua, usigombane na watu", mwache hapo hapo umtafute mwingine.

Ukirudi likizo ukazuiwa getini, andika tarehe ya siku hiyo. Siku 30 zinaanza hapo. Chukua Fomu namba 1 ya CMA, jaza majina ya wakala na kiwanda kama walalamikiwa, wapelekee nakala na upate uthibitisho wa kupokea kabla ya kuiwasilisha.

Kliniki yako ijayo ni lini? Barua ya daktari iombe siku hiyo hiyo.