Kiingereza chako kinatosha. Barua zao ndizo hazisomeki

Wengi mnaojiandaa kuja Marekani, hasa mliocheza bahati nasibu ya green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), mnaniuliza kama Kiingereza cha sekondari kitatosha. Nawajibu bila kuficha: kwa kuongea kitatosha, na lafudhi ya Wamarekani masikio yataizoea. Kazini mtaelewana na watu, dukani mtanunua, msikitini au kanisani mtapata wa kuongea naye. Kitakachowakaba ni barua.

Huku mambo mengi huja kwa posta: bima, kodi ya mapato, shule ya mtoto, mkataba wa nyumba, uhamiaji. Kiingereza cha humo sicho tulichofundishwa darasani. Sentensi moja inaweza kula mistari mitano, na lile unalotakiwa kufanya, iwe ni kulipa au kupeleka cheti fulani kabla ya tarehe fulani, limefukiwa katikati. Mwaka wangu wa kwanza niliamini upungufu ni wangu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Houston, na siku moja wakati wa mapumziko mwenzangu, Mmarekani wa kuzaliwa, alifungua barua ya bima yake, akaisoma, akairudia, kisha akaisukumia mbali: "Gobbledygook!" Nilidhani ametukana. Kumbe ndivyo wenyewe wanavyoita maandishi ya kiofisi yasiyoeleweka.

Nilifurahi kujua kwamba aliyelibuni neno hilo alikuwa mtu wa Texas hii hii. Maury Maverick wa San Antonio alikuwa mbunge wa Bunge la Marekani, kisha meya wa mji wake, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akawekwa kuongoza shirika la serikali la kusaidia viwanda vidogo. Mwaka 1944 aliwaandikia watumishi wake waraka wa kuikemea lugha hiyo ya "gobbledygook": andikeni kwa ufupi, semeni mnachotaka kusema. Akaongeza kwamba atakayetumia maneno mazito ya kiofisi "activation" au "implementation" atapigwa risasi. Baadaye alipoulizwa neno kalitoa wapi, alisema pengine alimkumbuka bata mzinga wa kwao Texas, anavyopayuka "gobble, gobble" huku amejivimbisha. Namheshimu kwa hilo. Alikuwa bosi, na badala ya kumlaumu msomaji aliwakemea waandishi wake.

Ilipofika 2010 Rais Obama alisaini sheria inayozitaka ofisi za serikali kuu kuandika kwa lugha nyepesi zile karatasi ambazo mwananchi anazihitaji ili apate huduma au alipe kodi. Ni hatua nzuri. Lakini huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa kuivunja, na haizibani kampuni binafsi za bima wala hospitali binafsi, na huko ndiko watu wetu wanakoumia zaidi.

Ukitibiwa kwa bima, baadaye huletewa karatasi iitwayo "Explanation of Benefits". Ina safu za tarakimu: hospitali imedai kiasi gani, bima inalipa kiasi gani, na wewe huenda ukadaiwa kiasi gani. Jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, aliipokea akaona maelfu ya dola. Hakulala. Alianza kupigia simu ndugu zake awakope. Aliponiletea, nikamwonyesha palipoandikwa "This is not a bill": hii siyo ankara, bado hudaiwi chochote. Mama huyu anaongea Kibembe, Kiswahili, Kifaransa na sasa Kiingereza. Hakuna wa kuniambia kwamba tatizo ni yeye! Na nyie mnapopiga simu mkasikia sauti ya mtu imechoka, wakati mwingine ni karatasi za namna hiyo zimelala mezani.

Kuna na kinyume chake. Barua ya kuhuisha bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo huweza kufanana na tangazo la biashara, mtu akaitupa, akaja kugundua kaunta ya dawa kwamba mtoto hana tena bima. Kwa hiyo fungueni kila bahasha, na kabla ya kuhangaika na maneno tafuteni tarehe ya mwisho. Mwezi huanza: 04/05 ni Aprili 5, siyo Mei 4.

Uhamiaji nao wana msamiati wao. "Alien" ni wewe, mgeni. Usikasirike, endelea kusoma. "Adjustment of status" ni kuomba green card ukiwa tayari ndani ya nchi, jambo ambalo wakimbizi hulifanya baada ya kutimiza mwaka. "Request for Evidence" huwatisha watu wakadhani wamekataliwa. Hapana, wanataka vielelezo zaidi, na wanakupa muda maalumu wa kuvileta.

Hospitalini ombeni mkalimani. Inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa bila malipo, na msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Wa Kiswahili wapo, mara nyingi kwa simu. Nawasihi msiwatumie watoto. Nimemwona mtoto wa shule ya msingi akimtafsiria mama yake majibu ya vipimo, akisita kwenye neno asilolijua, na daktari anasubiri. Mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kujua ugonjwa wa mama yake.

Na wewe binamu unayekuja: ukihama nyumba hapa, taarifu uhamiaji ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, inajazwa hata mtandaoni. Barua ya kwanza ikifika, usiijibu peke yako. Ipige picha unitumie, tutaisoma pamoja kwenye simu, hata ikiwa usiku.