Jirani anapogoma kuchangia kifusi: neno langu kwa dada wa Kiromo

Dada mmoja wa Kiromo, Bagamoyo, ameniandikia wiki hii. Amenunua kiwanja, amejenga, amehamia, na njia ya kuingilia kwake ni ile aliyoiacha mwenye shamba alipokuwa akikata viwanja. Masika imeichimba. Wenye magari wanataka watu wachange, lori liitwe. Jirani mmoja amegoma, wengine wawili wako Dar es Salaam na hawapokei simu, na tayari kuna watu hawasalimiani. Anauliza: "Mama, nyie wa Tanga mliwezaje?"

Tuliweza, dada yangu, na nalisema hilo kifua mbele. Masika ya mwaka huu imepita na njia yetu hapa Kange imesimama. Bajaji inafika nyumba ya mwisho. Gari la kunyonya choo, ambalo dereva wake alikuwa anageuzia barabarani na kutuambia tumtafute mwingine, sasa linaingia na kutoka. Mjamzito anafuatwa mlangoni kwake. Hii ni kazi ya mikono yetu, na mimi ndiye niliyeshika daftari lake.

Ila niseme ukweli kwamba barabara ilikuwa rahisi kuliko watu.

Mwanzo kabisa, wanaume wachache wenye magari walikaa barazani kwa mmoja wao, wakapiga hesabu, wakagawa sawa kwa kila nyumba, wakarusha kwenye kundi la WhatsApp: shilingi 85,000 kila mmoja, mwisho Ijumaa. Hawakumuuliza mtu. Bibi mmoja mjane, ambaye hana hata baiskeli, akapangiwa sawa na mwenye lori la kubebea mchanga. Nyumba ya mdomoni, inayotumia hatua chache tu za njia, ikapangiwa sawa na sisi wa mwisho. Usiku ule kundi liliwaka moto. Walioitwa wabahili wakajibu kwamba barabara ni ya serikali, TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, waje wachonge.

Hilo la TARURA utalisikia na wewe, kwa hiyo lijibu mapema. Wakala huyo, aliyeanza kazi 2017, anahudumia barabara za wilaya, za mijini na vijijini, zilizo kwenye mtandao wake. TANROADS wana barabara kuu na za mikoa. Kichochoro alichokiacha muuza shamba, hakijapimwa, kimebanwa na kuta za watu pande zote mbili, usikikalie ukingoja greda la serikali. Nenda serikali ya mtaa, muulize mtendaji njia yenu imeandikwa wapi. Akikwambia haipo, rudi na jibu hilo kwenye kikao, liseme mbele ya watu wote. Kwetu maneno ya "serikali ije" yalipungua sana siku ile.

Kikao cha pili tulikiitisha kwa mjumbe, mchana, wanawake tukiwamo. Ndipo waliponichagua mhazini. Jambo la kwanza nililodai ni kwamba mtu yeyote asitaje kiasi mpaka tukubaliane namna ya kugawana. Nalirudia hili kwako, dada, na nitalirudia tena: kiasi kije mwisho. Mtu akishaulizwa, akasema, akasikika, mara nyingi atatoa. Akiletewa bei mezani kama bili ya umeme, atagoma hata kama hela anayo mfukoni.

Tukagawa kazi mafungu mawili. Mitaro na kalavati tulilipa sawa kwa kila kiwanja, hata kilichojaa majani, kwa sababu maji ya mvua yanatoka kwenye viwanja vyote. Kifusi tukagawa kwa umbali. Kipande cha kwanza, kutoka barabara ya lami hadi geti la kwanza, kililipiwa na wote. Kinachofuata kililipiwa na waliobaki mbele, hivyo hivyo hadi mwisho. Sisi wa ndani tulilipa zaidi, na ndiyo haki, maana ndio tunaoikanyaga yote. Anayejenga aliongeza cha kwake kwa ajili ya malori ya mchanga na tofali. Mpangaji hakuguswa, alitafutwa mwenye nyumba. Bibi yetu mjane alisema atapika chai ya mafundi, na alipika.

Kuhusu kazi yenyewe sitakuchosha, mafundi wapo. Ila piga hesabu mwenyewe, ili usidanganywe na mwenye lori. Chukua njia ya mita 200, upana mita 3.5. Ukitaka tabaka la sentimita 15 likishashindiliwa, hiyo ni mita za ujazo 105. Kifusi kikiwa bado ndani ya lori hakijakaza, kwa hiyo ongeza kama asilimia 30, unafika 136 na ushee. Lori la mita za ujazo 10 litakuja mara 14. Anayekwambia tripu sita zinatosha anataka kukumwagia vumbi juu ya matope. Na kabla ya tripu ya kwanza, maji yapate pa kwenda: katikati ya njia pawe na mgongo, pembeni mitaro, penye bonde kalavati. Kifusi kinamwagiwa maji, kinashindiliwa kikiwa na unyevu. Ukimwaga kifusi pasipo mtaro, masika moja inakipeleka chote kwa jirani wa chini, na huo ni ugomvi mwingine.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma.

Nyumba ya mdomoni haikulipa, hata kile kipande chake kidogo. Mwenye nyumba ni mtu mzima, ninayemheshimu kwa umri wake. Nilimfuata na daftari, nikamfuata na mjumbe, nikamtuma shemeji yangu wanayesali pamoja. Akawa ananijibu vizuri tu, "nitaleta, mama." Halafu kwenye msiba wa jirani yetu, watu wamekaa mkekani, akasema kwa sauti kwamba bati jipya la nyumba yangu ndilo kifusi cha watu. Alisema mbele ya wakwe zangu, mbele ya wanawake niliokula nao miaka yote. Sikumjibu, kwa heshima ya maiti. Bati lile lilinunuliwa na mwanangu, na risiti ninayo.

Jioni ya siku ya tatu, msiba ulipoanuliwa, nilikwenda kwa mjumbe na daftari langu. Nikaomba lisomwe jina kwa jina, tripu kwa tripu, na kila risiti ipitishwe mkono kwa mkono. Pesa zote zilikuwa zimeingia kwa simu, hakuna noti niliyoipokea mkononi, kwa hiyo kila muamala ulikuwa na ujumbe wake. Lilisomwa hadi mwisho. Mzee hakuja. Hajaniomba radhi mpaka leo. Asubuhi anapita kwenye kifusi chetu, ananipungia mkono, na mimi namwitikia salamu yake. Kusamehe nimesamehe, lakini nimesahau nisiseme.

Vijana walikuja kwangu na hasira. Wengine walitaka tuweke geti na ufunguo tusimpe, wengine tuchimbe mtaro mpana mbele ya mlango wake bila kalavati. Nilikataa kabisa, na wewe kataa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua haki ya mtu kupita kwenye ardhi ya mwenzake. Ukimzibia njia, mdaiwa anageuka kuwa mlalamikaji na wewe unageuka mkosaji. Tena kumfungia mtu mlango wa nyumba yake kwa ajili ya tripu moja ya kifusi ni dhambi, tuambizane. Siku mgonjwa wake atakapohitaji gari utamwambia nini Mola wako?

Dai lako lidai kwa karatasi. Makubaliano ya kikao yaandikwe, kila mtu asaini, mjumbe ashuhudie. Aliyesaini akagoma, una kitu cha kupeleka mahakama ya mwanzo. Likiwa suala la mpaka au la mtu kuziba njia, anzieni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, hukumu halitoi. Ambaye hakusaini, kama mzee wetu, sehemu yake gawaneni, mwiandike daftarini kwa jina lake, kisha mnyamaze. Msimtangaze kwenye kundi. Tulio wengi siku hizi tunapenda kuaibishana, picha ya orodha ya wadaiwa inatembea mtandaoni kama tangazo la mnada, halafu tunashangaa watoto wetu hawachezi pamoja. Mcha Mungu hamwaibishi jirani. Ukiaminiwa mali ya watu, shika amana, weka risiti, nyamaza.

Wale wawili wa Dar es Salaam usigombane nao kwa simu. Waandikie ujumbe mmoja wenye kiasi, ramani ya mgawanyo na picha za kazi ikiendelea. Wa kwetu mmoja alilipa alipoona picha. Mwingine alilipa alipotaka kuuza kiwanja, maana mnunuzi alikuja na gari na jambo la kwanza alilouliza ni nani anayeitunza njia.

Vuli inaanza Oktoba, dada yangu, na mvua ikishanyesha lori halipiti. Kwa hiyo mwezi huu itisha kikao kwa mjumbe, ukubaliane nao mgawanyo kabla ya kiasi, kisha muanze na mtaro wa upande wa juu hata kama hela ya kifusi haijatimia. Mkishaandika makubaliano, nitumie nakala kabla hamjasaini, niisome.