Leithi ndogo ya nyumbani na vifaa vya pikipiki: anza na kile ambacho kikivunjika hakitamwangusha mtu

Ndugu yangu, umeuliza kama leithi ndogo ya mezani, yaani mashine inayozungusha kipande cha chuma ili kichongwe kwa kisu, ile yenye nafasi ya milimita 300 kati ya senta (ncha mbili zinazoshikilia kipande), inatosha kuchongea vifaa vya ziada vya pikipiki nyumbani, yaani virefusho vya saitimira, futiresti, vipandishio vya usukani na keria, na kama inatosha, uanze na kipi. Jibu la swali la kwanza ni fupi: inatosha kwa kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Swali la pili ndilo lenye uzito, na naomba nilijibu kwa urefu, kwa sababu kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi hapa Tanga, kwanza katika karakana ya shamba la mkonge, tulikokuwa tukichonga shafti na bushi za korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, na sasa nyumbani kwangu, ambako wateja wengi ni madereva wa bodaboda.

Kabla sijajiuliza kifaa kinachongwaje, huwa najiuliza kwanza kitatokea nini kikivunjika pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kirefusho cha saitimira kikivunjika, dereva amepoteza kioo. Keria ikikatika, mzigo unaanguka na huenda ukamdhuru anayekuja nyuma. Futiresti ikikatika wakati dereva ameisimamia kwenye makorongo, anaanguka. Kipandishio cha usukani kikipasuka, pikipiki haina usukani tena. Huo ndio utaratibu ninaokushauri ujifunzie, kuanzia juu kwenda chini, na usiruke hatua kwa sababu tu mteja ana haraka. Vitu vya breki na ekseli za magurudumu mimi sivichongi kabisa, hata nikibembelezwa, kwa sababu sina chombo cha kunionyesha kama ndani ya chuma kuna ufa.

Anza basi na kirefusho cha saitimira. Ni kazi ndogo, lakini ina karibu kila kitu ambacho leithi inatakiwa kukufundisha. Pikipiki nyingi za Kijapani hutumia uzi (meno ya parafujo) wa M10, yaani wa kipenyo cha milimita 10, wenye hatua (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1.25 kwenye shina la kioo, ambao si uzi wa M10 wa kawaida wa madukani, kwani huo una hatua ya 1.5. Ukilazimisha bolti ya 1.5 kwenye tundu la 1.25, itaingia mizunguko miwili mitatu halafu itaharibu uzi wa mkono wa klachi au wa breki, na hapo umemtia mteja gharama kubwa kuliko kioo chenyewe. Nunua geji ya kupimia nyuzi kabla hujanunua kitu kingine chochote cha ziada.

Yamaha nyingi zina jambo jingine: kioo cha upande wa kulia hutumia uzi wa kushoto, yaani unaokazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Sababu yake ni ya busara sana. Kioo cha kulia kikigongwa kutoka mbele, shina lake huzunguka kufuata mwelekeo wa saa. Uzi wa kulia ungezidi kukaza hadi kitu kivunjike, lakini uzi wa kushoto hulegea na kukiacha kioo kigeuke. Kwa kuwa vioo vya uzi wa kushoto havipatikani kwa urahisi, wateja huomba kirefusho chenye uzi wa kushoto upande wa chini na tundu la uzi wa kulia upande wa juu, ili wafunge kioo chochote. Kifaa hicho ni halali kabisa, kwa sababu kioo kikigongwa, uzi wa juu utakaza lakini wa chini utalegea, na faida ya mwanzo inabaki palepale.

Tumia chuma laini cha pembe sita cha milimita 17, ili spana ipate pa kushika. Kata urefu wa milimita 50 na ziada kidogo, usawazishe uso wake, kisha chonga shina la urefu wa milimita 15 hadi kipenyo cha 9.9, kwa sababu dai, yaani kifaa cha kukatia uzi wa nje, husukuma chuma nje kidogo linapokata. Karibu na bega, pale shina linapokutana na sehemu nene, chonga mfereji mwembamba usiozidi kina cha uzi, na kona zake ziwe za duara. Kwa uzi wa kulia, shikilia dai kwa mkono, ulikandamize kwa uso wa teilstoki (kichwa cha nyuma cha leithi) ili likae sawa, na uizungushe chaki, yaani kibanio kinachoshika kipande, kwa mkono mashine ikiwa imezimwa. Uzi wa kushoto, kama huna dai lake, utaukata kwa kisu cha uzi na giya za kubadilisha, kisu kikianzia ndani ya mfereji na kusafiri kuelekea nje. Upande wa pili toboa kwa biti ya 8.8 hadi kina cha milimita 25, halafu pitisha tapu, kifaa cha kukatia uzi wa ndani. Shina na tundu vitabaki vimetenganishwa na milimita 10 za chuma kizima, na hilo linatosha. Usikubali kukirefusha zaidi ya hapo, maana kioo kitatetemeka hata dereva ashindwe kuona kilicho nyuma yake.

Kuhusu kasi, mashine ndogo humsumbua anayeibahatisha. Kanuni ya kukumbuka ni kuzidisha kasi ya kukatia (mita kwa dakika) kwa 318, kisha kugawanya kwa kipenyo cha kipande kwa milimita; jibu ni mizunguko kwa dakika. Kwa kisu cha chuma cha kasi (HSS), mimi huchukulia mita 25 kwa dakika kwa chuma laini, 75 kwa alumini na 15 kwa steinlesi. Kipande cha milimita 20 basi kitazunguka takriban mara 400 kwa dakika kikiwa chuma laini, mara 1,200 kikiwa alumini, na mara 240 kikiwa steinlesi. Alumini hunata kwenye ncha ya kisu na kuchafua uso wa kazi. Tone la mafuta ya taa linaondoa tatizo hilo, mradi usiyaweke karibu na cheche. Mashine ikianza kupiga kelele ya kutetemeka, punguza kasi na ufupishe sehemu ya kisu iliyochomoza. Kukata kipande kwa kisu cha kukatia ndiyo kazi inayozishinda mashine hizi, na sioni aibu hata kidogo kutumia msumeno wa chuma kisha kusawazisha uso.

Chaki ya taya tatu haishiki katikati kamili. Kuyumba kwa sehemu ya kumi ya milimita ni jambo la kawaida. Kwa hiyo, sehemu zote zinazotakiwa kuwa na mhimili mmoja zichonge bila kukitoa kipande kwenye chaki.

Sasa nije kwenye futiresti, ambayo ndiyo sehemu ninayotamani kila mchongaji wa nyumbani aielewe. Mteja mmoja aliniletea futiresti iliyokatika, iliyokuwa imechongwa mahali pengine kwa chuma cha duara cha milimita 16. Uso wa pale ilipokatika ulikuwa na sehemu mbili: moja laini yenye weusi, yenye mistari ya mduara iliyofuatana kama alama ambazo maji yanayokupwa huziacha mchangani, na nyingine ndogo, yenye chembechembe zinazong'aa. Sehemu ile laini ndiyo iliyokuwa ikipasuka polepole kwa muda mrefu kutokana na uchovu wa chuma. Ile yenye chembe ndiyo iliyokatika siku ya mwisho. Ufa ulikuwa umeanzia pale pale unapoanzia karibu siku zote, kwenye kona kali kati ya shina na bega.

Hesabu yake si ngumu. Mtu wa kilo 80 akisimama kwa mguu mmoja anaweka nguvu ya karibu niutoni 800, na kwenye shimo mimi huizidisha mara tatu, kuwa 2,400. Kama mguu unakanyaga milimita 80 kutoka kwenye bega, chuma cha milimita 16 kitapata mkazo wa takriban niutoni 480 kwa kila milimita mraba, ilhali chuma laini huanza kupinda moja kwa moja kwenye 250 hivi. Kwa milimita 20, mkazo unashuka hadi karibu 245; kwa milimita 22, hadi 185 hivi. Angalia jinsi milimita nne tu zinavyokaribia kuongeza uimara maradufu, kwa kuwa nguvu ya kuhimili kupinda hukua kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara tatu. Kwa sababu hiyo sichongi futiresti kwa chuma chembamba kuliko milimita 22, napendelea chuma cha kaboni ya wastani kinachouzwa kwa jina la EN8, na kila bega naliachia kona ya duara yenye nusukipenyo cha milimita 3 au zaidi, ninayoisugua kwa msasa hadi alama za kisu ziondoke. Kona hiyo haionekani baada ya kupakwa rangi, na hakuna mteja atakayekulipa zaidi kwa ajili yake. Ifanye hata hivyo. Kama futiresti ya asili ilikuwa ikikunjika juu inapogusa ardhi kwenye kona, ya kwako pia ikunjike.

Vipandishio vya usukani viache mpaka mkono wako uwe umezoea. Vichongwe kwa alumini iliyosukumwa na kukomazwa kwa joto kiwandani, ya aina ya 6061-T6 au 6082-T6, na kamwe visitengenezwe kwa alumini iliyoyeyushwa mitaani kutokana na pistoni na masufuria, kwa sababu ndani yake hubaki vitundu vya hewa usivyoviona. Sehemu mbili zinazoubana usukani zifungwe pamoja na kipande cha bati la milimita moja katikati kabla ya kutoboa tundu la milimita 22.2; bati likitolewa, inabaki nafasi ya kubania. Kama bolti inaingia kwenye uzi uliokatwa ndani ya alumini, uzi ulioshikana uwe na kina cha angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti. Bolti za M8 ziwe za daraja la 8.8 na zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, karibu niutoni-mita 25 pale uzi unapokuwa wa chuma, na pungufu ya hapo unapokuwa wa alumini. Mimi sipandishi usukani zaidi ya milimita 25. Baada ya kufunga, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, washa injini, na uugeuze usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Mlio wa injini ukipanda, waya wa mafuta umevutika na pikipiki haifai kutoka hapo hadi waya upitishwe njia nyingine au ubadilishwe. Fuatilia pia mpira wa breki na waya wa klachi.

Keria na gadi ya injini ni kazi za kukunja na kuchomelea zaidi kuliko kuchonga, nami nitasema jambo moja tu: kifaa kiwe dhaifu kuliko fremu. Watu huomba gadi ya nondo nzito wakidhani wanailinda pikipiki, lakini gadi isiyopinda hupeleka pigo lote kwenye masikio ya fremu yanayoshika injini. Bomba la milimita 25 lenye unene wa milimita 2, lililofungwa kwa bolti, litapinda na kubadilishwa. Usichomelee chochote kwenye fremu yenyewe. Bomba likiwa la mabati, ondoa kwanza zinki mahali pa kuchomelea na ufanyie kazi mahali penye upepo, maana moshi wake huleta homa.

Kwa sisi wa pwani, chumvi nayo ina deni lake. Bolti ya steinlesi ndani ya alumini, ikipata unyevu wa chumvi, huila alumini hiyo hadi uzi ugeuke unga mweupe na bolti ikatae kutoka. Paka grisi kwenye kila uzi kabla ya kufunga, weka washa, na mwambie mteja aifungue na kuipaka tena kila baada ya miezi kadhaa. Nati ya steinlesi kwenye bolti ya steinlesi ikikazwa kavu hujishika kabisa, nayo pia inahitaji grisi.

Banda likiwa la nyumbani, kuna hatari ambayo karakana kubwa huikwepa kwa swichi maalumu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingine ndogo hujiwasha zenyewe umeme unaporudi. Izime na uchomoe plagi palepale taa zinapozimika, hata kama ufunguo wa chaki haumo. Usivae glavu wala mikono mirefu mbele ya leithi, vaa miwani, na watoto wasiwe na njia ya kuingia humo. Nyuzi za chuma zinazojisokota kwenye kazi ziondoe kwa kijiti chenye ndoano mashine ikiwa imesimama.

Ukishafunga kifaa chochote, chora mstari wa rangi unaovuka kichwa cha bolti na chuma kilicho chini yake, kisha umtake mteja arudi baada ya kilomita 100 hivi. Mstari ukiwa umepishana, bolti imelegea, na utajua kabla hajajua yeye. Ukianza na saitimira, pima kwanza hatua ya uzi pande zote mbili za usukani, uandike hapa pamoja na aina ya pikipiki yako, nami nitakupa mpangilio wa giya kwa mashine utakayokuwa umenunua.