Nimo kwenye picha ya harusi

Jumamosi iliyopita mdogo wangu wa mwisho ameolewa, na kwenye picha za harusi yake nimo. Nimekaa kushoto kwa bibi harusi, uso wazi, natazama kamera. Ni picha ya kwanza ya familia ninayoonekana tangu nikiwa darasa la sita. Dada yetu mkubwa alipoolewa mwaka 2012 nilijifungia chooni tangu mpiga picha alipofika mpaka alipofungasha vyombo vyake. Mama aligonga mlango akisema nina maringo. Sikuwa na maringo. Nilikuwa nimesadiki kabisa kwamba pua yangu itaiharibu harusi ya watu.

Picha ya Jumamosi niliiweka stetasi, nikaandika maneno machache juu ya miaka niliyojificha. Kufika Jumatatu nilikuwa na jumbe nyingi, na mmoja umenikosesha usingizi. Binti wa miaka 17, mtoto wa mteja wangu, ameacha kwenda shule kwa sababu ya taya lake. Alinitumia picha akaniuliza, “Dada, niambie ukweli, linaonekana?” Nimeitazama ile picha mara tatu, sijaona kitu. Lakini sikumjibu hivyo, na nimeandika haya yote ili nieleze kwa nini: kuna ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone mwilini mwake kasoro kubwa ambayo wengine hawaioni, nami ninao.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu mwanamke mzuri husifiwa pua ya upanga, na mtoto akizaliwa bibi humkanda kwa mafuta ya nazi na kumvuta pua taratibu ili itoke ndefu. Nilipokuwa na miaka 13, siku ya hitima, ndugu mmoja wa baba alinitazama mbele ya watu akasema, “Huyu walisahau kumvuta.” Watu wakacheka, wakaendelea na pilau. Yeye alisahau kabla hajanawa mikono. Mimi usiku ule nilikwenda na kibatari mbele ya kioo cha kabati la mama, na naweza kusema sikutoka pale kwa miaka 16.

Simlaumu yeye peke yake. Baadaye nilifahamishwa kwamba maneno kama yale huangukia watoto wengi, na wengi huumia siku mbili wakapona. Wengine tuna mwili au ubongo ulio tayari kuyashika, na mara nyingi huanza katika umri uleule, miaka 12 au 13. Lakini nikisema simlaumu nitakuwa naongopa kidogo. Bado sikai naye mkeka mmoja.

Kioo kwanza nilikitafuta. Kila kitu kinachong'aa kilikuwa kioo: kijiko, dirisha la daladala, televisheni iliyozimwa, simu kabla haijawaka. Nilipima pua kwa rula ya shule, asubuhi na jioni, nikaandika vipimo nyuma ya daftari la hisabati. Nililala na kibanio cha nguo puani mpaka ngozi ikachubuka, na pale palipochubuka pakaacha alama, nikapata sasa kitu cha kweli cha kuficha. Halafu nikakikimbia kioo. Nilipofungua kibanda changu cha ushonaji, kioo cha wateja nilikifunika kanga. Mteja akitaka kujiona navuta kanga, nageuka ukutani, najifanya natafuta uzi.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Mwaka 2015 nilivaa nikabu. Ninamheshimu kila dada anayeivaa kwa nia yake na kwa Mola wake. Nia yangu haikuwa hiyo. Nilivaa ili nisionekane pua, na mtaa mzima ukanisifu kwa uchaji. Wazee walinitolea mfano kwa binti zao. Shangazi alilia kwa furaha. Kila sifa ilinichoma, maana nilijua nimemfanya Mungu pazia la kioo changu, na sikuwa na wa kumwambia. Miaka sita nilitembea hivyo. Wachumba wawili walikuja, wote niliwakataa, kwa sababu mume lazima ataniona uso.

Nilizunguka kote. Nilisomewa rukia, yaani aya za Kurani za kuponya, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Dua haikunidhuru hata kidogo, naomba mpaka leo. Kilichonidhuru ni kuambiwa kwamba sasa yamekwisha. Niliweka akiba ya kushona mpaka milioni moja na laki nane, nikaenda kwa daktari wa pua, koo na masikio kuomba anirekebishe pua kwa upasuaji. Alinitazama nusu dakika akasema, “Huna ugonjwa, kaolewe.” Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi nje ya lango la hospitali mpaka adhuhuri nikiwaza namna ya kufa. Nasema wazi kwa sababu najua kuna msomaji anayewaza hilo sasa hivi. Ugonjwa huu huleta mawazo ya kujiua kuliko watu wanavyodhani. Ukiyawaza, usisubiri kumaliza kusoma hapa. Mwamshe mtu aliye nyumba moja nawe umwambie kwa maneno mepesi, “Nataka kufa, nipeleke hospitali.”

Aliyeniokoa ni daktari wa afya ya akili, Dar es Salaam, mwaka 2021. Hakuuliza pua yangu ina nini. Aliuliza, “Kwa siku unaifikiria saa ngapi?” Nilimwambia sijui. Akanituma nikahesabu wiki nzima. Ilifika saa nne na dakika ishirini kwa siku. Hapo akanipa jina: disimofia ya mwili. Akasema daktari wa Italia, Enrico Morselli, aliwaandika wagonjwa wa namna yangu mwaka 1891. Mwaka 1891! Mimi nilidhani nimeanza mimi. Akasema katika kila watu 100 karibu 2 wanao, wanaume kwa wanawake, na kwamba vijana wanaojaza misuli jimu huku wakijiona vijiti wanaweza kuwa wagonjwa wenzangu. Ugonjwa huu unahesabiwa katika ukoo mmoja na ule wa mtu asiyeweza kuacha kunawa mikono, hata mara hamsini kwa siku. Na upasuaji, akasema, mara nyingi hauponyi. Mgonjwa hupasuliwa pua akarudi analia juu ya kidevu. Nililia nikiwa nimevaa nikabu, ikalowa yote.

Miezi ya mwanzo ya matibabu sitaisimulia, ilikuwa foleni, nauli ya basi na usingizi. Nilipewa fluoksetini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa ugonjwa huu, na nikaambiwa nisiihukumu kabla ya wiki 12. Wiki ya kumi nilikuwa nimeshona gauni zima, kola na mikono, bila kuiwaza pua. Niliweka mkasi chini, nikakaa kimya.

Lakini dawa ilikuwa nusu. Nusu nyingine ni kazi ya mazungumzo na mazoezi, na hapa ndipo ninapotaka mnisikie. Tiba yangu haikugusa pua. Iligusa kule kutazama. Nilipunguza kioo kwa dakika, siku kwa siku. Nilijifunza kusimama hatua moja kutoka kwenye kioo na kujieleza kutoka utosini hadi miguuni kama ninavyoandika vipimo vya mteja: nywele nyeusi, paji la uso, nyusi, pua, mabega inchi 15. Bila “mbaya”, bila “nzuri”. Nilikwenda soko la Mgandini uso wazi dakika tano, kesho yake kumi, moyo ukipiga kama ngoma, na nikaandika watu wangapi walinicheka. Sifuri. Muuza vitunguu alinipunja chenji, basi.

Na la mwisho ndilo gumu kuliko yote: niliacha kuuliza. Kwa miaka nilimuuliza mama, “Pua yangu leo ikoje?” Naye, masikini, alijibu, “Nzuri mwanangu.” Ile “nzuri” ilinituliza dakika kumi, kisha nikarudi na swali lilelile kwa njaa zaidi. Daktari aliwaita mama na dada akawafundisha jibu jipya: “Hilo hatulijibu, njoo tule.” Siku ya kwanza nilimchukia mama yangu. Leo naamini neno lile lilinisaidia kuliko sifa zote alizonipa tangu nizaliwe.

Kwa hiyo enyi mama, shangazi, makungwi, marafiki, acheni. Acheni kumwambia binti anayelia mbele ya kioo kwamba uzuri ni tabia. Acheni kumwambia amshukuru Mungu kuna wasio na miguu. Anajua. Anamshukuru Mungu na bado hawezi kutoka nje. Acheni kumwita ana maringo. Na acheni, nawaomba kwa heshima yote, kuwakagua watoto wa watu kwenye hitima na harusi kama mnachagua samaki mnadani. Huyu mweusi, huyu mnene, huyu pua. Mnasema mkisahau, na mtoto anabeba.

Na wewe unayejificha, usinitumie picha. Sitakuambia unaonekana vipi, hata ukinibembeleza. Hesabu saa zako. Ukiona zinapita moja kila siku, ukiona umeacha shule, kazi au watu kwa ajili ya sehemu moja ya mwili, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wako, ulizia kliniki ya afya ya akili, usiulizie daktari wa ngozi wala wa kukata. Ukiambiwa huna ugonjwa, nenda kwingine. Mimi nilikwenda kwingine. Kama ningebaki kwenye lile benchi, Jumamosi ya harusi nisingekuwepo.

Binti wa miaka 17 nilimjibu swali moja tu: unatazama taya lako saa ngapi kwa siku? Alikaa kimya siku nzima. Jana usiku akaandika, “Dada, umejuaje?” Asubuhi nimezungumza na mama yake. Jumatatu ijayo wanakwenda kliniki, nami nafunga kibanda nikae nao kwenye foleni.