Mtoto Aliyenyamaza: Wazazi Wanauliza Kuhusu Vijana Wao

Barua zinazohusu malezi ya vijana balehe zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya safu hii, na nyingi kati yake zinauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: mzazi afanye nini anapomwona mwanawe akidhoofika mbele ya macho yake, huku mwenyewe hataki kusema lolote? Tumechagua barua nne. Mambo yanayoweza kuwatambulisha walioandika yameondolewa.

Swali: Mimi ni mama wa mvulana wa miaka 15. Tangu muhula uliopita amekuwa mtu mwingine. Alama zake zimeshuka, ameacha mpira alioupenda tangu utotoni, anajifungia chumbani, na nikimuuliza ana nini hujibu kwa ukali kwamba hana kitu. Juma lililopita, alipokuwa akioga, nilichukua simu yake nikasoma ujumbe aliomwandikia rafiki yake. Amesema amechoka na kila kitu na kwamba nyumbani hakuna anayemwelewa. Je, nimwambie kwamba nimesoma? Na je, niendelee kuipekua simu hiyo, maana sioni njia nyingine ya kujua yanayomsibu?

Jibu: Mwambie, Mama, na usikawie. Kijana aliyeacha alichokipenda, kisha akaandika kwamba amechoka na kila kitu, hawezi kuachwa na maneno hayo moyoni eti kwa sababu yalipatikana kwa njia isiyompendeza. Ukijaribu kumzungukazunguka kwa maswali ya mtego atang'amua upesi kwamba kuna unachokificha, na hapo utakuwa umempa sababu mbili za kutokuamini. Unaweza kusema hivi: “Nilisoma ujumbe wako bila ruhusa yako, na una haki ya kunikasirikia. Nilikuwa na hofu juu yako, na nilichokisoma kimenizidishia hofu. Uliposema umechoka na kila kitu, ulikuwa na maana gani? Je, huwa unafikiria kufa?” Kisha nyamaza umsubiri. Wazazi wengi huuliza swali zuri na kulijibu wenyewe kabla mtoto hajakusanya maneno yake.

Swali lako la pili linahitaji maelezo marefu zaidi. Mwaka 2000 wanasaikolojia Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti waliofanya nchini Uswidi kwa vijana 703 wa miaka 14 pamoja na wazazi wao. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba mzazi anayejua mwanawe yuko wapi, yuko na nani na anafanya nini, amefika hapo kwa kumfuatilia kwa bidii. Wao waliona kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo wazazi waliyajua ilitokana na watoto wenyewe kuamua kuwasimulia, na kwamba usimulizi huo wa hiari ndio uliohusiana zaidi na tabia njema ya kijana, kuliko kumhoji au kumbana. Kwa maoni yangu, hilo linatosha kujibu suala la simu. Mwanao akijua inapekuliwa atafungua akaunti nyingine usiyoifahamu, nawe utabaki na simu safi na mtoto usiyemjua.

Kwa hiyo nakuomba utazame kwa makini kinachompata mwanao kila anapokueleza jambo dogo. Kijana hapeleki siri kubwa kwa mzazi siku ya kwanza. Huanza kwa kupima. Atasema kwamba mwalimu fulani anamwonea, au kwamba amefeli jaribio, huku akikutazama uso. Ikiwa jambo hilo dogo litazaa hotuba ya nusu saa, au kulinganishwa na dada yake, au simulizi za jinsi ninyi mlivyosoma kwa shida na hamkulalamika, atakuwa amejifunza gharama ya kusema, na lile kubwa atalipeleka kwa rafiki wa rika lake ambaye naye hajui la kufanya. Ikiwa badala yake utasema, “Hilo limekuumiza, nieleze ilikuwaje,” na usitoe ushauri wowote mpaka amalize, umeongeza uwezekano wa kusikia la pili. Kusikiliza namna hiyo hakumaanishi kukubali. Unaweza kutambua hasira yake bila kukubali kwamba alikuwa na haki ya kumtukana mwalimu, na jambo hilo la adabu mkalizungumza kesho yake akiwa ametulia.

Mazingira ya mazungumzo nayo yana uzito. Wengi wa vijana husema zaidi mnapofanya kazi pamoja au mnapotembea kuliko mnapokaa mkitazamana uso kwa uso kama walio barazani kwa hakimu. Anza na ulichokiona, usianze na hukumu: “Nimeona siku hizi huendi mpirani” ni kauli anayoweza kuijibu, lakini “Umekuwa mvivu” inamlazimisha kujitetea tu. Akikataa kuzungumza, mwambie kwamba umesikia, kwamba utamuuliza tena, na kweli umuulize tena baada ya siku moja au mbili. Usiondoke kwa kisirani. Wako pia wanaoona wepesi kuandika kuliko kusema, na hao hakuna ubaya kuwatumia ujumbe mfupi hata kama mmo katika nyumba moja.

Yapo unayotakiwa kuyafanya hata kama hataki kuzungumza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo unayoyaona kwako si fedheha ya nyumba yako peke yako. Sonona kwa vijana mara nyingi haifanani na huzuni tuliyoizoea; huja kama ukali, kununa na kukasirishwa na vitu vidogo, na ndiyo maana huchukuliwa kuwa utovu wa adabu. Hali hiyo, au kupoteza hamu ya mambo yaliyompendeza, ikidumu takriban kila siku kwa majuma mawili pamoja na mabadiliko ya usingizi, hamu ya chakula na uwezo wa kufikiri, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha. Kwa maelezo yako, mwanao amekwisha kufika hapo. Daktari atataka pia kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa wa mwili, kama vile upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo, unaoweza kumchosha mtu vivyo hivyo. Zungumza na mwalimu wake, ikiwezekana kijana akijua, kwa sababu kuonewa na wenzake au kushindwa kufuata somo fulani hufichwa sana nyumbani.

Ninabakiza hali moja inayoruhusu simu kukaguliwa: unapokuwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba uhai wake uko hatarini, au kwamba mtu mzima anamrubuni. Hata hapo, mwambie kwamba unafanya hivyo na kwa nini.

Swali: Binti yangu ana miaka 14. Mama yake aligundua kwamba hujikata mikononi kwa wembe na kuficha makovu kwa nguo za mikono mirefu. Tulipomuuliza alilia bila kusema sababu. Ndugu zangu wanasema anatafuta kuangaliwa tu, na kwamba tukimtajia habari za kujiua tutampa wazo ambalo hakuwa nalo. Naogopa kusema na naogopa kunyamaza.

Jibu: Baba, muulizeni. Tafiti zilizofanywa juu ya jambo hili zimeonyesha kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, na wengi wanaoulizwa kwa upole hupata nafuu kwa kuwa mwishowe wanaruhusiwa kutaja kilichowaelemea. Tumieni maneno ya wazi. Swali la “Huna mawazo mabaya, sivyo?” limekwisha kumpa jibu mnalotaka kulisikia, naye atalitoa.

Wengi wa vijana wanaojikata hufanya hivyo ili kupoza hisia kali zisizo na njia nyingine ya kutokea, na wala hawakusudii kufa. Hata hivyo kujidhuru huongeza hatari ya kujiua baadaye, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipuuza. Hao wasemao anatafuta kuangaliwa wangejiuliza kwa nini basi anaficha mikono. Na hata ingekuwa kweli, mtoto anayelazimika kujichanja ili aangaliwe anahitaji kuangaliwa.

Mlitunze kwanza jeraha kama ambavyo mngetunza jeraha lolote, bila kelele. Msimtake aapishwe kwamba hatarudia, kwa sababu siku atakayoshindwa kutimiza kiapo hicho ataficha zaidi, nanyi mtakuwa mmepoteza kile kidogo alichokuwa tayari kukieleza. Badala yake mwombeni akija kusikia msukumo huo amwambie mmoja wenu, au mtu mzima mwingine anayempenda, kwa mfano shangazi au bibi, na mkubaliane mapema kwamba atakapokuja hapatakuwa na karipio. Kisha muitazame nyumba yenu. Dawa, hata zile za kawaida za kutuliza maumivu, pamoja na viuatilifu, nyembe na silaha, vifungiwe mahali asipofikia. Msukumo wa kujiua mara nyingi huwa mkali kwa muda mfupi kisha ukapungua, na umbali kati ya kijana na kifaa cha hatari katika muda huo umeokoa wengi.

Akisema kwamba anafikiria kufa na amepanga namna ya kufanya, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, asiachwe peke yake hata kidogo na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kama hakuna dalili hizo, bado anahitaji mtaalamu wa afya ya akili mapema. Yako matibabu ya mazungumzo ambayo yamethibitika kuwasaidia vijana wanaojidhuru, yanayowafundisha kuvumilia na kutawala hisia kali. Ikiwa ataandikiwa dawa za sonona, fahamuni kwamba mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dawa hizo ziwekewe onyo kali, kwa kuwa zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana. Onyo hilo halikuzipiga marufuku, na kuna wanaosaidika nazo sana. Linataka kijana aangaliwe kwa ukaribu, hasa katika majuma ya mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, na wala asiziache ghafla bila daktari.

Mtaalamu anaweza kutaka kuonana na binti yenu peke yake, na asiwaeleze kila alichoambiwa. Likubalini hilo. Jambo linalohatarisha uhai wake mtaelezwa. Mengine ni yake.

Swali: Mume wangu anasema kijana wetu wa miaka 16 ameharibika kwa kudekezwa na kwamba dawa yake ni fimbo. Mimi naona aachwe, atakua. Tunagombana kila siku, naye ameanza kurudi usiku wa manane akinuka bangi. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Mmoja wenu ameshika mipaka na mwingine ameshika upole, na kijana anahitaji vyote viwili kwa pamoja. Mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind, ambaye tangu miaka ya 1960 alichunguza mitindo ya malezi, aliona kwamba watoto hukua vizuri zaidi kwa wazazi wenye upendo na wanaoeleza sababu za amri zao, lakini pia wanaozisimamia, kuliko kwa wazazi wa mabavu au wazazi wanaoachia kila kitu. Fimbo kwa kijana wa miaka 16 itamfundisha kurudi akiwa amechelewa zaidi, au kutorudi. Kumwachia nako ni kumtelekeza kwa jina zuri.

Kubalianeni kwanza ninyi wawili, yeye asiwepo, juu ya masharti machache mnayoweza kuyasimamia kweli: saa ya kurudi, kutovuta, kwenda shule. Mengine kama mtindo wa nywele au vurugu za chumbani kwake yaacheni kwa sasa. Kisha mueleze pamoja masharti hayo na kitakachofuata akiyavunja, nacho kiwe kifupi na kinachohusiana na kosa, kwa mfano kutotoka mwisho wa juma linalofuata. Habari ya bangi msiianze saa nane za usiku akiwa amelewa. Subirini asubuhi, na mumuulize inamsaidia nini kabla ya kumwambia inamdhuru vipi. Mara kwa mara kijana hutaja usingizi, hofu au jambo la nyumbani, na pengine magomvi yenu wenyewe yatakuwa mojawapo.

Swali: Binti yangu wa miaka 17 halali kabla ya saa saba usiku, na siku za mapumziko huamka saa sita mchana. Huu si uvivu?

Jibu: Si lazima uwe uvivu. Katika umri wa balehe saa ya mwili husogea mbele, na homoni ya melatonini inayoleta usingizi huanza kutoka kwa kuchelewa zaidi kuliko kwa mtoto mdogo, ilhali kijana bado anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu ilale nje ya chumba, na yako pia, maana sharti linalomhusu yeye peke yake hatalifuata. Siku za mapumziko muamshe mapema kidogo kidogo, kwa tofauti isiyozidi saa moja au mbili na siku za shule, na apate mwanga wa jua asubuhi. Ikiwa analala sana mchana na usiku, hataki kuonana na rafiki zake na hakuna kinachomfurahisha tena, usingizi huo ni dalili. Muulize kama tulivyomshauri mama wa barua ya kwanza, na umpeleke kwa daktari.