Mvua ikishasafisha hewa, uchafu huwa umekwenda wapi?

Swali: Kila mgandamizo mdogo wa hewa (mfumo unaoleta mawingu, upepo na mvua) unapopita, utando wa moshi hutoweka na vipimo vyetu vya kaboni monoksidi, gesi itokanayo na moto usiowaka vizuri, na chembechembe hushuka. Nilifundishwa kwamba ni mvua inayosafisha. Sasa nasoma kwamba mifumo hiyohiyo ndiyo inayosafirisha uchafuzi kutoka bara hadi bara. Mfumo mmoja unasafishaje na kusambaza kwa wakati mmoja?

Jibu: Hukufundishwa vibaya, ila neno "safisha" hapo limefunika mambo mawili: kuosha na kuhamisha. Mara nyingi ulichokiona ni kuhamishwa.

Siku tulivu moshi hubaki katika tabaka la hewa linalogusa ardhi. Mchana wa jua tabaka hilo hufikia unene wa kilomita moja au mbili; usiku huweza kuwa mita mia chache tu. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, kama kifuniko cha chungu. Mgandamizo mdogo unapopita katika latitudo za kati, yaani kati ya tropiki na maeneo ya ncha za dunia, hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hujipenyeza chini ya hewa joto kama kabari. Hewa joto iliyo mbele yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikikusanya moshi, hupanda kama inayokwea mlima mrefu wenye mteremko mdogo, na ndani ya siku moja au mbili huwa imefika kilomita nane au kumi juu. Wingu la radi hupandisha hewa kwa chini ya saa moja, ingawa kwa eneo dogo. Huko juu upepo huweza kuzidi kilomita 100 kwa saa, ndiyo maana hewa ya Asia Mashariki huvuka Pasifiki na kufika Amerika Kaskazini kwa siku tano hadi kumi.

Na mvua? Mvua huchagua. Chembechembe za salfati na asidi ya nitriki huoshwa kwa wingi. Kaboni monoksidi haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kujali, nayo hudumu angani takriban miezi miwili. Gesi ya ozoni pia hupenya wingu bila kuoshwa. Karibu na ardhi huishi siku chache, juu huishi wiki kadhaa. Lakini mimi hunivutia zaidi peroksiasetili nitrati, PAN kwa kifupi, gesi inayozaliwa ndani ya hewa chafu. Kwenye baridi ya juu hutulia, ikiwa imezifungia ndani oksidi za nitrojeni ambazo zingekufa kwa siku moja. Hewa ikija kushuka ndani ya mgandamizo mkubwa, hupata joto, PAN huvunjika, na oksidi hizo huanza kutengeneza ozoni upya, maelfu ya kilomita kutoka zilikotoka.

Mfano wa upande wa pili, ule wa kuosha, ni kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine. Ajali ya huko ilitokea tarehe 26 Aprili 1986. Tarehe 28, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, vifaa vya kituo cha nyuklia cha Forsmark, Uswidi, vilinasa mionzi kwenye viatu vya mfanyakazi. Sesiamu, elementi yenye mionzi iliyotoka kwenye ajali hiyo, ilikuwa imeshikamana na chembechembe, kwa hiyo iliposhushwa na mvua ilitua kwa madoa: eneo la Gävle huko Uswidi na vilima vya Wales vilipata nyingi, huku sehemu ambazo hazikunyeshewa zikipata kidogo. Kule mvua iliposafisha hewa, ilichafua malisho.

Kwa kuwa unapima vyote viwili, unaweza kutenganisha mwenyewe. Chembechembe zikishuka mvua inaponyesha huku kaboni monoksidi ikibaki palepale, hapo umeoshewa. Vikishuka vyote kwa pamoja upepo unapogeuka, hata kabla ya tone la kwanza, hewa yako imeondoka nzima na umeletewa nyingine. Chora grafu zote mbili pamoja na mwelekeo wa upepo kwa saa, si kwa wastani wa siku. Wastani wa siku huificha tofauti hiyo kabisa.